Mchezaji Aliyeitwa Mwizi wa Pamba

Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba zamani za Waingereza hapa Mwanza hatukuwa na mchezaji wa sinema hata mmoja. Kwamba sinema ilikuwa ya Wazungu na Wahindi, na sisi tulikuwa watazamaji tu. Huwa nanyamaza, kisha naondoka nimekasirika. Alikuwepo. Mimi ndiye niliyempeleka mbele ya kamera, na mimi ndiye niliyemharibia jina. Jina hilo sitaliandika hapa. Nililitaja siku moja mahali nisipotakiwa kulitaja, na tangu hapo naona sina haki nalo tena.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, jambo ambalo watu wachache sana wa upande wetu walikuwa wamelifikia, na boma lilinichukua kuwa karani mkalimani. Nilivaa viatu na soksi ndefu hata siku ya Jumapili. Nasema hivyo ili ieleweke nilikuwa kijana wa namna gani.

Msimu mmoja wa kuuza pamba likaja lori la serikali limebeba kamera, mashine ya kuonyeshea picha na vyakula vya makopo. Pamoja nalo alikuja Mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Picha. Alikuwa amezunguka nchi akitengeneza sinema fupi za kuwafundisha Waafrika: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuanika ngozi. Kwetu alitaka sinema ya pamba. Wakulima walitakiwa kutenga pamba safi, ile nyeupe iliyochumwa kavu, na pamba fifi, ile yenye madoa na majani. Kila moja ina gunia lake na bei yake. Wapo waliochanganya. Wapo waliomwagia maji, au kuficha jiwe katikati ya gunia ili mizani ishuke. Ni kweli, walikuwepo. Lakini mizani yenyewe nayo ilikuwa na mambo yake, na kila mkulima kutoka Kisesa hadi mjini aliyajua, ila hakuna aliyekuja na kamera kupiga picha ya mizani.

Sinema ilihitaji watu wawili wakubwa, mkulima mwema na mkulima mwizi. Mwema alipatikana siku ile ile. Alikuwa mwalimu wa dini, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, aliyekuja mwenyewe bila kuitwa. Mwizi hakupatikana. Nilizunguka siku tatu. Mzee mmoja aliniambia, "Karani, mtoto wangu akiniona naiba, kesho nitamkanyaje?" Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Ndipo nikamkumbuka manju mmoja wa upande wa Kisesa, njia ya kwenda Bujora. Manju ni mtu anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mkulima kama wengine, lakini akikuigiza mtu unamwona huyo mtu. Aliwahi kumwigiza Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, akinywa chai kwenye kikombe kidogo, watu wakalala chini kwa kucheka. Mimi na yeye tulikuwa wa vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Nikiwa mtoto nilisimama upande wa pili nikiimba nyimbo za kumtukana, naye akitutukana sisi, vizuri zaidi.

Nilimkuta juu ya paa la nyumba yake anaezeka nyasi.

"Karani!" akaita kabla sijamsalimu. "Leo umekuja na viatu mpaka huku. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Shuka, nina maneno."

"Maneno ya boma hayajawahi kunishusha mahali. Yaseme hapo hapo, nyasi nazo zisikie."

Nikayasema. Aliposikia neno mwizi akaacha kufunga kamba.

"Kwa hiyo mmetafuta Usukuma nzima mkaona sura ya mwizi ni hii yangu."

"Tumetafuta mtu anayejua kuigiza."

"Na mwema ni nani?"

"Mwalimu."

Alicheka mpaka mke wake akatoka ndani kutazama. "Mwalimu acheze mtu mwema! Ataona nini cha kuigiza huyo? Atasimama tu kama nguzo ya kanisa."

Mke wake hakucheka. Alikuwa na mtoto mgongoni na unga mikononi. "Usikubali," akamwambia mumewe. "Ngoma ikiisha watu huenda kwao. Hiyo picha ikiisha inakwenda wapi?"

Mimi sikujua, na mumewe alikwisha kuanza kushuka ngazi.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu ngoma zetu. Baada ya mavuno vyama viwili hucheza vikielekeana siku nyingi, kila kimoja kikivuta watazamaji wake. Matusi ni sehemu ya mchezo. Utatajwa kwa jina, utatajiwa baba yako, utaambiwa unanuka, na huruhusiwi kukasirika, kwa sababu kesho yake ni zamu yako. Anayetukanwa hujibu. Na mtu aliyeigiza ubaya, mwizi au mlevi au mchawi, hutoka mwishoni mbele ya watu, huvua alivyovaa, hutaja ukoo wake na kuwasalimu. Tulisema watu wanamrudishia sura yake. Asipotoka, anabaki na ile aliyoazima.

"Nitacheza," akasema aliposhuka. "Lakini mwisho nitoke. Nivue matambara, nitaje ukoo, niwasalimu watu. Picha iwe nalo hilo. Mwambie Mzungu wako."

Nilimwambia. Bwana Picha alikuwa anafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, akasema sawa, sawa, bila kuinua macho. Nikarudi.

"Amekubali."

"Na wewe?"

"Mimi ni mkalimani tu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Yeye ataondoka."

Nikasema nami nimekubali.

Tulipiga picha siku tatu, kando ya ziwa, palipo na mawe makubwa na kijia cha kupitisha magunia. Siku ya kwanza ilikuwa ya mwalimu. Alitenga pamba kwa ncha za vidole kama anayechambua mchele wa askofu, na kila baada ya kishada kimoja alitazama kamera aone kama bado inamtazama. Bwana Picha aliniambia nimkataze. Nikamkataza. Akatazama kamera ili aonyeshe kwamba amesikia.

Siku ya pili ilikuwa ya manju. Alitakiwa kuingiza jiwe kwenye gunia, basi. Alifanya mara moja, Bwana Picha akaridhika. Yeye akasema, "Bado." Akarudia. Safari hii aliokota jiwe, akalipima mkononi, akalirudisha chini, akachagua kubwa zaidi. Kisha akaona kwamba ng'ombe wake, aliyelala pale anacheua, anamtazama. Akaweka jiwe chini, akaenda taratibu, akamshika ng'ombe pembe, akamgeuza uso upande wa pili. Ndipo akaingiza jiwe. Hakuna aliyemfundisha. Wapagazi walishika matumbo, na Bwana Picha alisahau kusimamisha kamera.

Halafu akabeba gunia kwenda kwenye mizani. Nimeona sinema nyingi tangu siku ile, za Kihindi na za Kizungu, na wachezaji ambao picha zao hubandikwa kwenye kuta za maduka. Sijaona mtu aliyebeba gunia kama yule. Shingo yake ilisema jiwe na uso wake ukasema pamba. Alitembea akitabasamu kama asiye na kitu kichwani, huku magoti yanakataa. Mwishoni alifukuzwa na watu, akateleza, akaanguka kwenye tope la ukingoni kifudifudi, akainuka na jani la gugu mdomoni. Jani nalo alilitunga mwenyewe.

Siku ya tatu jua lilikuwa linashuka na Bwana Picha alikuwa anatazama saa yake, lakini kipande cha mwisho kilipigwa. Manju alioga ziwani. Akavaa ngozi zake na njuga zake za ngoma, akasimama wima mbele ya kamera, akataja ukoo wake, baba yake na babu yake, akawasalimu watu wote waliokuwa mbele na nyuma ya kioo kile.

Nikamwambia, "Picha hii haina sauti. Hawatasikia."

"Wataona mdomo unasema," akajibu. "Wewe ndiye utakayewasemea."

Ndivyo sinema zilivyokuwa. Picha ilionyeshwa kimya, na karani alisimama kando na kipaza sauti akieleza kwa Kisukuma na Kiswahili.

Mkanda ulikwenda Ulaya kusafishwa, ukarudi msimu uliofuata. Tuliuonyesha mara ya kwanza karibu na Kisesa, katika ghala la pamba la Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha kuchambulia. Ilikuwa adhuhuri, siku ya soko. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa, watu wakajaa hadi mlangoni. Manju hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kwenye msiba.

Mwalimu alipotokea watu walinyamaza kwa adabu. Manju alipotokea wakapiga yowe. Alipomgeuza ng'ombe uso, ghala lilitikisika. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi, kwa mara ya kwanza maishani, na sauti yangu ilijaa jengo zima. Sijui nieleze vipi. Nilijiona niko uwanjani kama zamani, na manju wa upande wa pili yuko mbele yangu, na safari hii hawezi kunishinda. Nikamtaja kwa jina. Nikamtaja baba yake. Nikasema, mtazameni mwizi huyu wa pamba, mtazameni anavyomficha ng'ombe asichowaficha majirani. Nikasema anaiba tangu tumboni. Watu walilia kwa kucheka. Kadiri walivyocheka ndivyo nilivyoongeza.

Sikusukumwa na mtu. Bwana Picha hakuelewa neno hata moja.

Mwizi akaanguka kwenye tope. Mwalimu akashikana mkono na Mzungu msimamizi wa pamba. Shuka likawa jeupe. Nikangoja kipande cha manju na njuga zake, nikaona fundi anafungua mkanda.

"Bwana, mwisho bado," nikasema.

"Umekwisha," akajibu Bwana Picha. "Ule nimeukata. Ungewachanganya. Mwizi lazima abaki mwizi, la sivyo somo linapotea."

Watu walikuwa bado wamekaa. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, nilisikia pumzi yangu ndani yake. Maneno yenyewe hayangezidi kumi: huyu si mwizi, ni mchezaji, jiwe lilikuwa letu. Nikakizima.

Manju aliporudi kutoka msibani alikuta mambo yamekwisha kuharibika. Alipeleka pamba yake mnadani, wakamwambia aimwage yote chini mbele ya watu, gunia kwa gunia, ipekuliwe. Hawakukuta jiwe. Wakaimwaga tena safari iliyofuata. Na aliyesimamia kumwagwa huko alikuwa mwalimu. Naam, mwalimu yule yule. Alikuwa amefanywa mwangalizi wa mnada, kwa sababu, waliniambia, kila mtu ameona kwamba ni mwaminifu. Ameonekana wapi? Kwenye shuka! Mtu ambaye hakuweza kutenga kilo moja ya pamba bila kutazama kamera alipewa daraka kwa kucheza vibaya, na aliyecheza vizuri akamwagiwa jasho lake mavumbini.

Kaka za mke wake wakaja kumtaka dada yao arudi nyumbani mpaka jina lisafishwe. Mke alikataa, akawafukuza kwa mwiko. Lakini walikuja.

Alinifuata bomani. Alingoja nje mpaka nikatoka kula.

"Mwisho wangu uko wapi?"

"Umekatwa."

"Na Mzungu?"

"Ndiye aliyekata."

Alifikiri. "Sawa. Kesho kutwa mnaonyesha tena pale pale. Mkanda ukiisha, wewe sema. Taja kwamba tulikuwa tunacheza. Ulinitukana, nimesikia, ulitukana vizuri, sikujua kama unaweza. Sasa nipe zamu yangu."

"Nitasema."

"Sema kwa kile kile chombo."

"Nitasema, ndugu yangu."

Siku ya pili ya sinema Bwana Shauri mwenyewe alikuja na mke wake na wageni kutoka Dar es Salaam, wakawekewa viti mbele. Bwana Picha aliniambia nieleze kifupi, nisiongeze maneno. Moyo wangu ukaanza kurudi nyuma. Nikajiambia nitasema wageni wakisha kuondoka. Nikajiambia labda kesho. Manju na mke wake walikuwa wamekaa chini karibu na ukuta, na nilijizuia nisitazame upande ule.

Kilipofika kipande cha ng'ombe watu wakaanza kuimba. Walikuwa wamekwisha kutunga wimbo wa mwizi. Basi akainuka. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya shuka, akatugeukia. Mwanga wa mashine ulimpiga, na picha yake mwenyewe ikawa inatembea juu ya kifua chake, gunia kichwani. Akainua mkono. Watu wakanyamaza, maana walijua maana yake. Manju anajibu.

"Mimi ni mwana wa fulani," akaanza, akataja ukoo. "Jiwe lile nilipewa na serikali. Karani yule pale ndiye aliyekuja nyumbani kwangu. Karani, sema!"

Bwana Shauri akageuka kwenye kiti. "Anasema nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa mkalimani. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kuchukua maneno ya mtu mmoja na kuyafikisha kwa mwingine kama yalivyo. Nikajibu, "Amelewa, Bwana."

Kisha nikasema kwenye kipaza sauti, "Keti chini, unaziba picha."

Ghala zima likacheka. Askari wawili wakamshika mikono wakamtoa. Hakupigana nao. Alinitazama tu, kwa mshangao zaidi kuliko hasira, kama mtu aliyemwona mwenzake anakula kitu kisicholiwa. Mke wake akainuka akafunga kanga vizuri, akamfuata nje bila kunitazama kabisa.

Kabla ya mvua walihama. Walivuka kwenda Ukerewe, kwa ndugu wa mama yake. Chama chake cha ngoma kilipata manju mwingine, mwenye sauti nzuri na asiye na lolote la kusema. Mimi nilipandishwa daraja.

Nilivumilia zaidi ya miaka kumi. Vita vilikuja vikaisha. Najua kisiwa cha Ukerewe hakiko mbali, meli huenda na kurudi, na kila mwaka nilipata likizo. Sina udhuru. Niliogopa uso wake, basi.

Nilikwenda baada ya kusikia kwamba mke wake alikuwa mgonjwa. Nilimkuta amepona, anaanua muhogo. Aliniita ndani kwa heshima ambayo sikuistahili. Mume alikuja kutoka kwenye michungwa yake, mvi zimemjaa. Nikasalimu, nikapewa kiti, nikasema yote niliyokwenda kuyasema. Nilisema nilidanganya. Nilisema hakuwa amelewa, nami nilijua.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini umeyaleta pasipo mahali pake. Ulinitukana mbele ya watu wa Kisesa, unanisafisha mbele ya mke wangu na kuku. Mke wangu alikuwa anajua. Kuku hawakuniuliza."

"Nifanye nini?"

"Nenda ukaseme pale. Sitakwenda nawe." Akaokota ganda la chungwa akalivunjavunja. "Niambie kitu kimoja. Ile picha sijaiona. Siku ya kwanza nilikuwa msibani, siku ya pili nilikuwa nakutazama wewe, kisha nikaipa mgongo. Nilikuwaje?"

Jambo hilo lilikuwa halijanipitia kichwani hata siku moja: kwamba watu wote wa wilaya wamemwona isipokuwa yeye. Nikamweleza. Nilisimama katikati ya nyumba nikamwonyesha alivyolipima jiwe, alivyomshika ng'ombe pembe, shingo yake, magoti yake, jani mdomoni. Mimi si mchezaji. Alinisahihisha mara mbili. "Siyo hivyo, jiwe nilianza nalo mkono wa kushoto." Nikamwambia hakuna aliyecheza kama yeye katika mkanda ule, wala katika mikanda mingine ya Bwana Picha niliyoiona. Mke wake akasema kutoka mlangoni, "Miaka kumi, karani. Neno hilo lilikuwa zito namna gani kulibeba?"

Nikaenda Kisesa siku ya mnada. Nilipanda kwenye jukwaa la mizani, mtu mzima mwenye kofia, nikapaza sauti yangu mwenyewe bila chombo. Nilimtaja. Nilisema hakuwa mwizi, alikuwa mchezaji wa sinema, jiwe lilikuwa la serikali, na aliposimama kujibu mimi nilimwita mlevi. Wengi walikuwa vijana, hawakujua nazungumza habari gani. Mmoja aliuliza kama bei imebadilika. Ghala la yule Mhindi lilikuwa limepakwa rangi mpya.

Niliposhuka, bibi mmoja aliyekuwa ametandaza dengu chini kwenye mkeka aliniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele kwenye ghala siku ile?"

"Ndiye mimi."

"Mbona unajisumbua, baba? Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba ni mchezo. Nani asiyemjua manju yule? Pamba yake ilikuwa nyeupe kuliko ya mwalimu."

"Mkajua, na mkaimwaga pamba yake chini?"

"Wao wa mnada ndio walioimwaga. Sisi tulitazama."

"Mkacheka!"

"Tulicheka, maana ilichekesha. Na wewe karani uliisema vizuri." Akaanza kupanga dengu zake upya. "Baadaye tulingoja mtu aseme. Wewe hukusema, basi tukaona boma halitaki isemwe."

Nilimwambia avuke nami akamwambie mwenyewe. Akanitazama kama mtu mwenye homa. "Na dengu hizi?"

Nikavuka peke yangu tena, meli ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na hasira njia nzima. Nilimkasirikia Bwana Picha na mkasi wake, na mwalimu na kanzu yake. Nilimkasirikia bibi wa dengu na watu wote wa ghala lile, waliojua wakakaa. Nilijikasirikia kwa kuwa wao walinisubiri mimi. Nilidhani namletea manju habari ya kumchoma zaidi, nikafikiri hata kumficha, kisha nikasema nimeficha vya kutosha katika maisha yangu.

Nikamwambia yote, neno kwa neno, kama mkalimani anavyotakiwa.

Alikuwa juu ya ngazi anachuma machungwa. Akaacha kuchuma. "Walijua?" akauliza. "Wote?"

"Bibi amesema wote."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akamwita mke wake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu zamani za ngoma. "Mama fulani! Njoo usikie! Walijua! Walikuwa wanacheka mchezo!" Na yeye mwenyewe akacheka, ameshikilia tawi, machungwa yakidondoka chini, mpaka nikaogopa ataanguka.

Mke wake alikuja, akasikia, akaweka mikono kiunoni. Hakucheka. Alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Nadhani ni sisi wawili tu katika shamba lile tulioielewa habari hiyo namna moja: kwamba watu wale walijua, wakamwacha avuke ziwa.

Manju alifurahi, na sikuwa na haki ya kumharibia. Nikainama nikaanza kuokota machungwa.